Nilivyomwozesha Tereza Redioni

Nianze kwa kukiri mwenyewe, ili mkinicheka mnicheke kwa ruhusa yangu. Mimi Mama Kulwa, mtu mzima, mwenye wajukuu kumi na mmoja na meno ambayo idadi yake ni siri yangu, nimewahi kumwozesha mwanamke mwenzangu mchana kweupe, mbele ya abiria wa feri nzima, yeye hajui, mimi sijui, bwana harusi peke yake ndiye anajua, na juu yake nikapiga vigelegele. Mpaka leo nikipita pale Kamanga kwenye vibanda vya chai kuna watu wananiita mshenga. Naitika. Sasa nitafanyaje.

Shule sikwenda (niliiona kwa nje tu, nikipitisha mbuzi wa baba), lakini masikio Mungu alinipa ya ziada, na mtu akiongea na mimi mara moja tu sauti yake nimeshaondoka nayo. Pale mwaloni, ufukweni tunapoanika dagaa, wanawake wakichoka na jua wananiambia, Mama Kulwa hebu mlete mwenyekiti, basi mimi nasukuma tumbo mbele, nashika kiuno, nasema, "Akina mama, kimsingi, kwa maana hiyo, kimsingi," watu wanakaa chini kwa kucheka, maana mwenyekiti wetu wa kamati ya mwalo bila hiyo kimsingi hawezi hata kuagiza chai. Namleta na Baba Kulwa, mume wangu, akitafuta kofia aliyoivaa. Lakini niliyekuwa namleta vizuri kuliko wote ni Tereza, kwa sababu huyo nimeanika naye dagaa bega kwa bega miaka kumi na minane.

Tereza ni Mkerewe. Mume wake alipofariki huko Ukerewe, mashemeji walimwambia abebe sufuria zake aondoke, na sufuria alikuwa nayo moja, kwa hiyo hata kwenye kumfukuza walimdanganya. Akavuka ziwa na watoto wanne, akashuka hapa kwetu hamjui mtu, akawa anageuza dagaa za watu juani na kulipwa bakuli la dagaa, lile bakuli analigawa, nusu wanakula nusu anauza, hivyo hivyo mpaka akapata kipande chake mwenyewe cha kuanikia, pale chini ya barabara inayoshukia feri, penye changarawe safi na upepo, akatandaza nyavu zake, na wale watoto wanne wote wametokea kwenye zile nyavu. Wa kwanza leo ni nesi, akija likizo anageuza dagaa na kucha zake za rangi. Tereza ni mwanamke ambaye ukikaa karibu naye unaona aibu kulalamikia mgongo.

Sasa kile kipande hakina karatasi. Hakuna mwenye karatasi pale, sote tumekaa kwa kuzoeleka, ila cha Tereza ndicho kiko barabarani, na akatokea bwana mmoja anataka kujenga baa, na mwenyekiti akaanza kupita pale akipima kwa hatua huku anaangalia juu, kama mtu anayehesabu ndege. Tukaambiwa kamati itakaa Jumatatu ya wiki inayofuata iamue. Tereza aliacha kula. Alikuwa anakuja asubuhi anakaa tu katikati ya changarawe yake, dagaa hajaanika, amekumbatia magoti.

Ndipo Jumanne akashuka kwenye feri binti mmoja wa redio ya huko mjini, anaitwa Jeni, amevaa suruali na mkoba, ameshika kile kidude cha kunasia sauti. Alikuwa na kipindi cha watu waliopita kwenye magumu wakasimama tena, na huko kwenye feri walimwambia, wewe, kama unatafuta magumu nenda kamuulize Tereza wa mwaloni. Akaja moja kwa moja tulipo.

"Shikamooni bibi zangu," anasema, kile Kiswahili chao cha Dar, laini, kama amekipaka mafuta. "Samahani jamani, namuulizia Mama Tereza."

Tereza alikuwa hatua tatu kutoka pale. Akachutama nyuma ya kichanja cha dagaa, akajifunika kitenge kichwani, akaninong'oneza, "Mwambie sipo." (Tereza mbele ya watu wageni haongei. Kanisani hata amina anaisemea tumboni.)

Neno nililotakiwa kusema lilikuwa moja tu, hayupo. Hata mtoto angeliweza. Lakini nikafikiria Jumatatu, nikafikiria kwamba huyu binti akiondoka bila kitu basi mwenyekiti hatasikia aibu yoyote, na (nisiwafiche) nilifikiria pia kwamba mimi sijawahi kusikika redioni na umri unakwenda. Nikafuta mikono kwenye gauni nikasema, "Ndiye mimi."

Na nikasema kwa sauti ya Tereza.

Hapa lazima niwaeleze kitu. Tereza ulimi wake unapenda kuteleza palepale kila siku. Analala, yeye anasema anarara. Leo ni reo, kula ni kura, hata siku ya uchaguzi tulimcheka, alisema amekura kwanza ndipo akapiga kura. Sisi Wasukuma wa zamani tumepinda upande wa pili, Maria tunamwita Malia, redio ni ledio, barabara usituulize. Tumekaa hivyo miaka yote na hatujawahi kukosana, kwa sababu ukijua mwenzako anatokea wapi, neno lake unalinyoosha mwenyewe kichwani, hata hushtuki. Basi na mimi nikimwiga Tereza nilikuwa namwiga mzima, na ulimi wake na pua yake na kile kikohozi anachoanzia sentensi.

Nikamsimulia Jeni yote. Mashemeji, sufuria, watoto wanne, bakuli la dagaa. Nilisimulia vizuri mpaka nikalia kweli, nikijihurumia mimi Tereza, na Tereza mwenyewe huko nyuma ya kichanja nilikuwa naona kitenge kinatetemeka, ameuma pindo asicheke. Jeni naye macho yamemlowa. Akaniuliza, "Na sasa hivi bibi, baada ya mapito yote hayo, kikubwa unachohitaji ni nini?"

Nikakohoa kile kikohozi. "Mwanangu," nikasema, "mimi mpaka reo sina mahari. Mungu akinijaria mahari tu, nitaturia."

Mahali, nilitaka kusema. Mahali, pa kuanikia dagaa. Lakini Tereza hawezi kusema mahali, na siku ile mimi nilikuwa Tereza.

Yule binti akashika kifua. "Jamani. Kwa hiyo bibi, marehemu hakukupa mahari?"

(Nikadhani ananifuatisha tu ulimi ili nijisikie nyumbani, watu wengi wanamfanyia Tereza hivyo.) Nikamjibu, "Hakuniachia kitu. Ndugu zake warichukua yote."

"Na unaamini kuna mtu atatoa? Kwa umri huu?"

"Mwenye moyo atatoa."

"Hata kama ni mzee, hata kama anatoka mbali?"

"Hata wa mbari," nikasema, "mradi aje kabra ya Jumatatu."

Jeni akasema bibi wewe ni jasiri sana. Nikasema asante. Akapanda feri. Tereza akatoka nyuma ya kichanja akanipiga na ungo mgongoni, lakini alikuwa anacheka, na hakuona kosa lolote kwenye yale maneno, angeonaje, si ndiyo maneno yake.

Alhamisi mchana tukajazana kwenye kibanda cha mama lishe, redio imewekwa juu ya friji ya soda. Sauti yangu ilipotoka mle ndani wanawake walipiga kelele mpaka chai ikamwagika, wengine wanasema huyu si Mama Kulwa huyu, wengine wanasema nyamaza tusikie, na kwa zile kelele maneno ya Jeni ya mwisho hatukuyapata, tulidaka mkia tu, "...mzee yeyote mwenye nia njema afike mwaloni Kamanga kabla ya Jumatatu." Tukasema afadhali, labda diwani atakuja. Wanawake wote pale walijua ni mimi niliyesema, na walikubaliana kutosema. Tereza siku ile alikula ugali.

Jumamosi, feri ya saa nne ikateremsha Fuso lenye turubai nyuma. Likashuka taratibu likasimama pembeni ya barabara, juu kidogo ya kipande cha Tereza. Mbele akashuka Jeni, anameremeta, na nyuma yake mzee mmoja mrefu, koti, kofia, fimbo, viatu vimepigwa rangi mpaka unaona feri ndani yake. Jeni akanijia mikono imefunguliwa. "Mama Tereza, nimekuletea mgeni kutoka Magu. Anaitwa Mzee Malongo."

Niliwakonyeza wanawake, wakakaa kimya. Tereza alikuwa pembeni yangu ameshika ungo. Nikakohoa, nikajigeuza kuwa yeye. Abiria waliokuwa wanapanda wakasimama kuangalia, maana watu wa feri wakiona koti na fimbo mchana wa jua wanajua kuna jambo.

Mzee Malongo akavua kofia. Msukuma mwenzangu, wa zamani kuliko mimi. "Habali za hapa," anasema pole pole. "Mimi nilisikia kwenye ledio. Mama ameteseka miaka yote, anahitaji mahali tu. Nikasema, mtu mzima kama huyu, mahali tu inamshinda? Nikamtafuta huyu binti. Mama, mahali nimeleta."

Nawaambia moyo wangu uliruka. Tereza ungo ulimponyoka, akanishika kiwiko, kucha zikaingia. Mahali. Kabla ya Jumatatu. Mtu ametoka Magu, hatumjui, hatujuani, kaleta mahali.

"Iko wapi, mzee wangu?" nikauliza.

"Imo ndani ya gali."

Nikajua ni karatasi ya kiwanja. Ingekuwa nini kingine kinachokaa ndani ya gari?

Akanyoosha mgongo, akauliza kwa sauti ya kusikika na watu wote, "Mnapokea?" Nikasema tunapokea. Akauliza tena, "Mnapokea?" Nikasema tunapokea mzee wetu. Akauliza mara ya tatu (na mimi mwana wa Kisukuma, niliyeolewa kwa maneno hayo hayo, hapo masikio yangu yalikuwa wapi?), nikasema, "Tumepokea kwa mikono miwiri," na nikaachia kigelegele kimoja kirefu, wanawake wote wakakidaka, abiria wakapiga makofi, Tereza analia, Jeni ameinua kidude chake juu anase vizuri.

Ndipo turubai likafunguliwa.

Akashuka ng'ombe. Nikasema labda amepewa lifti. Akashuka wa pili. Wa tatu alikataa, wakamsukuma makalio. Wa nne alikuwa mweupe, mzuri, akapiga chafya akashuka mwenyewe. Walikuwa sita, wakasimama pale barabarani wanatazama ziwa, na mimi vigelegele vikanikatikia kooni kama redio iliyoishiwa betri.

"Mahali yenyewe hiyo," Mzee Malongo akasema.

Mwanamke mmoja nyuma yangu akasema pole pole, "Mama yangu. Mahari."

Kabla sijapata hewa, mwenyekiti huyo, kasikia vigelegele kaja na tumbo lake, anauliza kuna nini. Jeni, na furaha yake yote, akamwambia: Mama Tereza amepata mchumba wa Magu, mahari imepokelewa sasa hivi mbele ya mashahidi. Nilimwona mwenyekiti anavyolipokea lile neno, aliligeuzageuza mdomoni kama pipi. "Kimsingi," akasema, "hongera sana. Kwa maana hiyo, Tereza anahamia Magu. Kwa maana hiyo, kimsingi, lile eneo liko wazi." Akawaita vijana wake wawili wa kamati, akawaonyesha kwa kidevu. Wakashuka pale chini wakaanza kukunja nyavu za Tereza, na dagaa zikiwa juu yake, zinamwagika kwenye changarawe.

Tereza hakupiga kelele. Alizitazama zile nyavu zinavyokunjwa, halafu akanitazama mimi. Basi. Nimewahi kutukanwa na watu wanaojua kutukana, lakini sijawahi kuumia kama nilivyoumia pale.

"Acheni," nikasema, na sasa kwa sauti yangu mwenyewe. "Acheni hizo nyavu. Hakuna aliyeolewa. Mimi siyo Tereza."

Jeni akacheka kidogo, halafu akaacha. "Bibi?"

"Mimi ni Mama Kulwa. Tereza ni huyu. Nilimsemea tu. Na sikuomba mahari mimi, niliomba mahali."

"Bibi, ulisema mahari. Ninayo hapa." Akabonyeza kidude chake, na sauti yangu ikatoka mle ndani, tamu, inajihurumia, mbele ya feri nzima: sina mahari, Mungu akinijaria mahari tu. Halafu ikafika pale pa mradi aje kabra ya Jumatatu. Sijui kama mnaelewa nilivyosikia. Abiria mmoja mwenye kuku alicheka mpaka kuku wakaanza.

Mzee Malongo yeye hakucheka. Alisimama na kofia yake mkononi. "Sasa mimi," akasema, "nimepokelewa na nani?"

Halafu ikatoka sauti pale kwenye kivuli cha mtumbwi uliogeuzwa, Baba Kulwa, ambaye alikuwa anashona wavu muda wote huo na hakuwa hata ameinua kichwa. "Amekupokea mke wangu," akasema.

Mzee akamgeukia. "Samahani sana, ndugu yangu. Mimi nimefiwa mwaka wa tatu huu. Nyumba ipo kimya. Nilisikia mtu anaongea kama mtu, nikasema huyu. Ni ile sauti niliyoifuata."

Baba Kulwa akakata uzi kwa meno. "Ile sauti mimi ninayo miaka alobaini. Kama unaitaka mchukue. Ila nikuambie ukweli kama mwanaume mwenzangu, ledio yako ina mahali pa kuzimia. Hii haina."

Watu walilala chini kwa kucheka. Mimi nilitamani wale ng'ombe wanikanyage, na mmoja alikuwa tayari, yule mweupe, ameshashuka kwenye nyavu zangu mimi, amesimama katikati ya dagaa zangu za siku mbili, akainua mkia akajisaidia, bila haraka yoyote.

Mnadhani yaliishia hapo. Nilipokiri nilidhani nimeokoa, kumbe nimemwongezea mwenyekiti mzigo wa kuni. Akanyoosha kidole. "Kumbe," akasema. "Kumbe yale ya redioni yote yalikuwa maigizo. Sufuria uongo, mashemeji uongo, watoto wanne uongo. Kimsingi hakuna mjane hapa aliyeteseka, kuna bibi mwenye mdomo. Vijana, endeleeni." Na vijana wakaendelea. Na Jeni, masikini, alikuwa anarudisha kidude kwenye mkoba, uso umemwiva, nadhani alikuwa anafikiria atakavyokwenda kumwambia bosi wake.

Nikafungua mdomo niseme neno. Halikuja. Mimi. Nilitafuta sauti ya kusemea nikakosa, ya Tereza nimeshaichafua, yangu hakuna anayeiamini.

Ndipo Tereza akatembea. Alipita katikati ya ng'ombe, akamsukuma mmoja pua apishe, akaenda mpaka kwa Jeni, akauingiza mkono kwenye mkoba wa mtoto wa watu akakitoa kile kidude mwenyewe, akakishika kama anavyoshika samaki aliye hai, mbali na mwili. Akakohoa.

"Tereza ni mimi," akasema. Sauti ndogo, ilibidi watu wanyamazishane. "Huyu sauti ameiba. Maneno hakuiba. Sufuria ninayo mpaka reo, njooni muione, imetoboka. Watoto wangu wanne mnawajua kwa majina. Mwenyekiti, Anastazia wangu, yure nesi, ndiye arikufunga kidonda cha mguu mwaka ure, na uriria." (Ulilia. Alilia kweli, tulikuwepo.) "Nirifika hapa pakiwa kichaka. Nyoka niriua mwenyewe. Mawe nirihamisha mwenyewe. Hapo wanapokunja nyavu ni mahari pangu."

Jeni alikuwa anamtazama mdomoni. "Mama, samahani. Mahari yako au mahari pako?"

"Pangu," Tereza akasema, na akapiga mguu chini. "Pangu. Pa kukanyaga. Hapa."

Binti akafumba macho kama mtu aliyeangukiwa na kitu. "Pangu," akasema. "Sio yangu. Pangu." Na Mzee Malongo naye, polepole, uso ukamfunguka. "Kumbe ni mahali pa kukaa," akasema. "Na mimi nimeleta mahali ya ng'ombe."

Alivaa kofia yake. Halafu yule mzee, ambaye nimemwaibisha mbele ya ng'ombe wake mwenyewe, akafanya kitu ambacho nitamshukuru mpaka kaburini. Akamsogelea mwenyekiti, akasimama naye kifua kwa kifua, yeye mrefu, akasema, "Mwenyekiti, mimi nimetoka mbali. Nikiludi Magu watu wataniuliza. Huyu mama unamfukuza au humfukuzi?"

Jeni alishamwelewa. Akachukua kidude kwa Tereza akakipeleka mdomoni kwa mwenyekiti, karibu sana, kikimgusa ndevu.

Feri ilipiga honi, hakuna aliyepanda.

"Kimsingi," mwenyekiti akasema.

Tukasubiri.

"Kimsingi hakuna mtu aliyefukuzwa hapa. Hawa vijana walikuwa wanamsaidia kukung'uta nyavu."

"Kwa hiyo Jumatatu kamati itamwandikia karatasi?" Jeni akauliza, na ile sauti yake ya mafuta.

"Kwa maana hiyo," akasema, na akajipangusa shingo, "ndiyo."

Na Jumatatu wakaandika, maana Jumapili kipindi kilirudiwa na yale maneno ya mwenyekiti yamo, na Tereza akaweka dole gumba kwenye karatasi, wino ulimkaa siku nne hakutaka kuosha. Mzee Malongo na ng'ombe wake walirudi na feri ya saa nane. Nilimpelekea chai nikamwomba radhi, nikaongea kwa mdomo wangu, akanywa, akasema, "Ile nyingine ni tamu zaidi," akanirudishia kikombe.

Tereza alininunia siku tisa. Tulianika jirani vilevile, mikono inakaribia kugusana, na hasemi kitu. Nilimletea mihogo, alikula mihogo, hasemi. Nilimletea mwenyekiti, nikashika kiuno, nikatoa tumbo, kimsingi hizi kimsingi zile, wanawake wote wakacheka, yeye anageuza dagaa. Nikajua basi, nimempatia mahali nikapoteza mtu.

Siku ya kumi mchana upepo ukageuka, ziwa likawa jeusi upande wa Ukerewe, na mimi nilikuwa nimesinzia na dagaa zangu ziko nje zote. Nikasikia mtu ananiita. Sauti kali, ya puani, inapanda juu inakatika kama mbuzi aliyenaswa kwenye uzio: "Wewe Mama Kurwa, wewe, umerara wewe, mvua hiyo jamani, mimi nitafanyaje sasa, mimi." Nikaamka nimekasirika, nikasema ni nani huyo anayepiga kelele mbaya namna hii.

Alikuwa Tereza. Amesimama kwenye changarawe yake, mikono kiunoni, kidevu juu, midomo imebinuka. Alikuwa ananiiga mimi. Alikuwa ananiiga vibaya, na wanawake wote walikuwa wanakufa kwa kucheka, wanasema ndiye, ndiye kabisa.

Tukakusanya dagaa pamoja, zake na zangu, mvua ilitupata tumebakiza ungo mmoja. Na hapo hapo chini ya turubai la kufunikia dagaa, nimelowa, niliapa mbele yake kwamba sauti ya mtu sitaichukua tena, hata ya padri, hata ya mume wangu. Akasema, "Na ya mwenyekiti?" Nikamwambia hiyo nipe mpaka Pasaka, nitaiacha kidogo kidogo.